Shamba la Askari na Daftari la Chama

Kazi mbili hazikubali kuahirishwa. Ya kwanza ni kazi ya shamba la chai. Majani mawili na chipukizi lake huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, kwa kadiri ya mvua na baridi. Mzunguko mmoja ukipita bila kuchuma, majani hukomaa, kichaka hupanda juu, na mkulima hupoteza mavuno ya mzunguko ule pamoja na sehemu ya mzunguko unaofuata. Tena majani yaliyochumwa hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo hupata moto ndani ya magunia yakaharibika. Kazi ya pili ni ya askari. Amri ikitoka, askari hufunga mzigo wake akaondoka, iwe ni msimu wa mvua au wa kiangazi, awe na mtoto mchanga au mzazi mgonjwa.

Katika vijiji vya Rungwe kazi hizi mbili hukutana mara nyingi katika nyumba moja. Kijana aliyerithi shamba la baba yake yumo katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na shamba limebaki mikononi mwa mke wake, au mama yake, au watoto. Taasisi iliyo karibu zaidi na shamba hilo ni chama cha msingi cha ushirika. Chama ndicho kinachopima majani, kinachoandika kilo, kinacholipa fedha, na aghalabu ndicho kinachokopesha mbolea. Kwa hiyo, kama familia hiyo itasimama au itaanguka wakati askari yuko mbali, chama kitakuwa na sehemu yake katika jambo hilo, kipende kisipende.

Makala hii inaeleza namna ambavyo chama cha msingi kinaweza kujiandaa ili kiweze kuzitegemeza familia za askari. Jambo kuu linalofaa kushikwa tangu mwanzo ni kwamba uwezo huo haupimwi kwa ukubwa wa mchango unaokusanywa siku ya msiba. Hupimwa kwa hali ya daftari la chama katika siku za kawaida.

FAMILIA YA ASKARI NI IPI?

Mtu akisikia maneno haya hufikiri mara moja juu ya mke na watoto wanaoishi kambini. Familia hizo zipo, lakini si hizo zinazohitaji msaada wa chama cha ushirika. Walio kambini wamezungukwa na majirani wenye hali kama yao, na kikosi chenyewe kina viongozi wa kuwasikiliza.

Familia inayokihusu chama ni ile iliyobaki kijijini. Huenda ni mke aliyebaki kulinda shamba wakati mume yuko kikosini Dar es Salaam, Songea, Tabora au Kigoma, au ametumwa nje ya nchi. Huenda ni wazazi wazee ambao mtoto wao mwenye nguvu ni huyo mmoja tu. Huenda ni bibi aliyeachiwa wajukuu. Huenda ni mjane. Huenda ni askari mwenyewe aliyestaafu au aliyerudi na jeraha, naye anajaribu kushika jembe upya. Nyumba hizi zimetawanyika. Kata moja yaweza kuwa na nyumba nne za namna hiyo, na kila moja ikadhani iko peke yake.

Hali hiyo si ya Rungwe peke yake. Marekani, baada ya mwaka 2001, iliita kwa wingi askari wa jeshi la akiba kwenda vitani Afghanistan na Iraq. Wengi wao hawakuwa watu wa kambini. Walikuwa wakulima, walimu na mafundi wa miji midogo. Ikaonekana kwamba misaada iliyopangwa kutolewa ndani ya kambi haikuwafikia wake na watoto wao waliobaki mbali. Fundisho lililopatikana ni kwamba familia iliyotawanyika haiwezi kutegemezwa na kambi. Inapaswa kutegemezwa na jamii inayoizunguka, na jamii hiyo hainabudi kuandaliwa mapema.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI

Wilaya ya Rungwe si ngeni katika mambo ya vita. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ilikuwa makao yao ya utawala katika sehemu hizi. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland yakauteka mji huo. Katika vita ile maelfu na maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Baada ya vita, mishahara ya wengi wa hao waliokufa ilibaki bila kulipwa, kwa sababu warithi wao hawakupatikana. Majina hayakuandikwa sawasawa, na vijiji walikotoka havikujulikana. Mtu alitoa maisha yake, lakini familia yake ilikosa jasho lake kwa ajili ya kasoro ya daftari.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, kati ya 1939 na 1945, watu wa Tanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, na wengine walipigana mbali sana, katika Madagaska na Burma. Mara hii kumbukumbu zilikuwa bora zaidi. Askari aliandikwa jina na namba, na aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani. Tofauti kati ya vita hizi mbili, kwa familia iliyobaki kijijini, ilikuwa tofauti ya karatasi.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Pamoja na wanajeshi, waliitwa wanamgambo kwa maelfu kutoka mikoa yote. Hawa walikuwa wakulima walioacha mashamba yao katikati ya msimu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa mwezi Juni. Wananchi kote nchini walichanga ng'ombe, nafaka na fedha kwa ajili ya wapiganaji.

Yafaa wanaushirika wakumbuke jambo moja kuhusu kipindi hicho. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwezi Mei 1976, na shughuli za vyama vya msingi zilikuwa zimewekwa chini ya serikali za vijiji kwa Sheria ya Vijiji ya 1975. Kwa hiyo vita ilipokuja, mkulima aliyeitwa katika mgambo hakuwa na chama chake mwenyewe, chenye daftari la hisa zake na mkutano wa wanachama wenzake, cha kumshikia mambo yake mpaka arudi. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Vyama tulivyo navyo leo, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, vina nafasi ambayo wazee wa 1978 hawakuwa nayo. Ni juu ya wanachama kuitumia.

Wala mambo hayo hayakwisha na Kagera. Askari wa Tanzania wameshiriki katika kulinda amani Darfur, Lebanoni na Kongo, na katika jeshi la nchi za Kusini mwa Afrika lililokuwa Msumbiji kati ya 2021 na 2024. Tarehe 13 Julai 2013 askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini, waliuawa askari wetu wasiopungua 14 kwa usiku mmoja, na wengine wengi wakajeruhiwa. Kila mmoja wao alikuwa na kijiji alikotoka.

MAMBO YANAYOKWAMA

Mtu akitazama kwa makini shida za familia ya askari ndani ya chama, atakuta kwamba nyingi ni ndogo na za kawaida. Udogo wao ndio unaozifanya zisionekane.

Jambo la kwanza ni malipo. Jina lililo katika daftari la wanachama ni la askari. Namba ya mwanachama ni yake, akaunti ya benki ni yake, na kama malipo hupitia kwenye simu, namba ya simu ni yake. Anapokwenda nje ya nchi, simu ile huzimwa. Mke huchuma, hubeba magunia mpaka kituo cha kupimia, huandikiwa kilo. Lakini fedha zinapotoka huingia mahali ambapo hawezi kufika. Akimwendea katibu, katibu humjibu kwamba hawezi kumlipa mtu asiye mwanachama. Jibu hilo ni sahihi kwa taratibu. Lakini mtoto hana sare wala madaftari, na mbolea haijanunuliwa.

La pili ni kazi ya shamba. Mikono miwili imepungua. Katika miezi ya mvua nyingi, chai inapotoa majani kwa wingi, mke peke yake hawezi kuzunguka shamba lote kabla majani hayajakomaa. Kwa walimaji wa kahawa hali ni hiyo hiyo wakati wa kuchuma, na kwa walimaji wa viazi wa huko Isongole wakati wa kuvuna.

La tatu ni mikopo. Askari alikopa kabla hajaondoka, au aliwadhamini wenzake. Shamba likizaa kidogo, makato ya mkopo hula malipo yote. Aliyedhaminiwa akishindwa kulipa, deni humwangukia mdhamini aliye maelfu ya kilomita mbali, asiye na habari.

La nne ni sauti. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, na hupiga kura hiyo akiwa mwenyewe mkutanoni. Askari hayupo, mke si mwanachama. Nyumba hiyo hukaa miaka miwili au mitatu bila kusikika, hata kama shamba lake ni miongoni mwa yaliyo makubwa kijijini.

La tano, na zito kuliko yote, ni kifo. Sheria za ushirika huruhusu mwanachama kumwandikisha mtu atakayepokea hisa na haki zake akifariki. Mtu huyo huitwa mteule. Lakini katika madaftari mengi safu ya mteule huachwa wazi, au imeandikwa jina la baba aliyekwisha kufa, au la ndugu aliyehamia mbali miaka mingi iliyopita. Askari akifariki, ndugu huja na madai, mjane huja na madai, chama hushika fedha kikingoja uamuzi, na shamba hubaki bila pembejeo. Hapo kosa la wapagazi wa 1916 hurudiwa tena, mara hii na watu wanaojua kusoma na kuandika.

KAZI YA KATIBU

Mambo haya matano yote yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa imo katika uwezo wa katibu na bodi bila ya kungoja msaada kutoka popote.

Katibu aanze kwa kulipitia daftari la wanachama lote, ukurasa kwa ukurasa. Kila mwanachama, awe askari au asiwe, aitwe ahakikishe jina la mteule wake na kutia sahihi mbele ya mashahidi. Lifanywe kwa wote, kwa sababu mbili. Kwanza, kifo hakichagui kazi. Pili, askari akiitwa peke yake kuandika mrithi wake, jambo hilo humfanya yeye na mke wake waone kana kwamba chama kinamngoja afe. Likiwa ni desturi ya kila mwaka, kama vile kuhakiki mashamba, halitamtia mtu yeyote uchungu.

Pili, chama kiandae barua ya uwakilishi. Mwanachama anayetarajia kuwa mbali kwa zaidi ya miezi mitatu aijaze kabla ya kuondoka. Ndani yake aeleze ni nani atakayepima majani kwa namba yake, ni nani atakayepokea malipo, kwa akaunti ipi au simu ipi, na uwakilishi huo utadumu mpaka lini. Aeleze pia kama mwakilishi ana ruhusa ya kukopa pembejeo, na mwisho wa mkopo huo ni shilingi ngapi. Barua itiwe sahihi na mwanachama, mwakilishi na mashahidi wawili, nakala moja ibaki chamani na nyingine nyumbani. Kwa fedha nyingi au kwa mambo ya ardhi, yafaa ipelekwe kwa hakimu au wakili ithibitishwe. Tusisahau kwamba askari huweza kuondoka kwa taarifa fupi sana. Kwa hiyo barua hiyo ijazwe anapokuwa likizo, isingojwe siku ya safari.

Tatu, mke aandikishwe kuwa mwanachama kwa haki yake mwenyewe. Hili ndilo jambo litakaloleta mabadiliko makubwa kuliko yote. Ushirika ni wazi kwa kila mtu mzima anayefanya kazi ya chama na anayekubali masharti yake. Mke anayechuma chai kila juma ni mkulima wa chai. Akilipa kiingilio na kununua hisa, atakuwa na namba yake, akaunti yake, na kura yake mkutanoni. Bodi zinazosema kwamba nyumba moja ni mwanachama mmoja zitazame masharti ya vyama vyao. Na kama masharti yenyewe yanasema hivyo, wanachama wana uwezo wa kuyarekebisha katika mkutano mkuu na kuyapeleka kwa Mrajis yaandikishwe.

Nne, mikopo itazamwe mapema. Fedha za chama ni akiba za wanachama wengine, kwa hiyo hapana haja ya kusamehe madeni kiholela. Lakini kupanga upya marejesho si kusamehe. Mkopo uliokuwa ulipwe kwa miezi kumi na miwili waweza kupangwa ulipwe kwa ishirini na minne, mradi uamuzi ufanywe na bodi, uandikwe katika kumbukumbu za kikao, na mwakilishi atie sahihi. Chama chenye bima ya mikopo kihakikishe kwamba bima hiyo haiwaachi nje wanaofia kazini jeshini; kifungu hicho kisomwe sasa, kisisubiriwe mpaka siku ya madai.

ZAMU YA KUCHUMA

Watu wa Rungwe wana msingi mzuri wa kusaidiana. Zamani Wanyakyusa walijenga vijiji vyao kwa rika: vijana wa umri mmoja walikaa pamoja, wakalima pamoja na kula pamoja. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hii kati ya 1934 na 1938, waliandika sana juu ya desturi hiyo na juu ya ukwangala, yaani ule uzuri wa kukaa na wenzako kwa amani na mazungumzo. Vijiji vya rika vimekwisha, lakini maana yake haijafa. Yafaa chama kiitwae maana hiyo na kuitia katika hesabu.

Tuchukue mfano. Familia moja inahitaji wachumaji watatu wa ziada mara moja kila siku kumi. Kwa miezi sita, yaani siku 180, hiyo ni mizunguko 18. Mizunguko 18 kwa watu watatu ni siku 54 za kazi. Kwa nyumba moja hizo ni nyingi mno. Lakini kikundi cha wapima majani katika kituo kimoja kikiwa na nyumba 27, kila nyumba itatoa siku mbili tu katika nusu mwaka. Hakuna nyumba itakayodhoofika kwa siku mbili.

Zamu hiyo iandikwe na kubandikwa kituoni. Majani yapimwe kwa namba ya familia inayosaidiwa, mbele ya mwakilishi wake. Kiongozi wa kikundi aripoti kwa katibu kila mwisho wa mwezi. Kazi ya zamu isiyoandikwa huanza kwa furaha mwezi wa kwanza, hulegea mwezi wa pili, na mwezi wa tatu husahauliwa. Kisha familia huona haya kudai.

Hekima hii imejulikana kwingineko. Vita Kuu ilipoanza mwezi Agosti 1914, wanaume wa Ufaransa waliitwa jeshini ngano ikiwa bado mashambani. Serikali ilipitisha sheria ya posho kwa familia za askari. Lakini Waziri Mkuu René Viviani alilazimika pia kuwaomba wanawake na watoto wamalize mavuno. Posho ilikuwa ya lazima, lakini posho haikati ngano. Hata leo mshahara wa askari, hata ukifika kwa wakati, hauchumi chai.

MFUKO WA MSAADA

Vyama vingine vitapenda kuwa na mfuko. Ni jambo jema, lakini uanzishwe kwa tahadhari. Mfuko usio na masharti huwa chanzo cha ugomvi, na hatimaye huwa kisima cha viongozi.

Mfuko uidhinishwe na mkutano mkuu, uingizwe katika makisio ya mapato na matumizi, na uwe na akaunti au angalau ukurasa wake katika leja. Tuchukue tena mfano wa hesabu. Chama kinachokusanya kilo 300,000 za majani mabichi kwa mwaka, kikikata shilingi 2 kwa kila kilo, kitapata shilingi 600,000. Kama familia zinazostahili ni sita, kila moja itapata shilingi 100,000. Wanachama waone wazi kwamba fedha hiyo si nyingi. Haiwezi kumlisha mtu mwaka mzima, wala haikukusudiwa hivyo. Inaweza kununua mbolea kwa wakati, au kulipa vibarua wakati zamu imeshindwa, au nauli ya mjane ya kufuatilia mafao. Mfuko mdogo wenye kazi inayojulikana ni bora kuliko mfuko mkubwa wenye ahadi nyingi.

Masharti yaseme ni nani anayestahili, ni kwa kiasi gani, mara ngapi kwa mwaka, na ni nani anayeamua. Mjumbe wa bodi ambaye ndugu yake anaomba msaada atoke nje wakati wa kuamua. Tena masharti yasiwatenge wengine wenye shida iliyo sawa. Familia ya polisi, ya askari magereza, ya kijana aliye katika Jeshi la Kujenga Taifa, na ya mwanachama aliyelazwa kwa muda mrefu, zote zinaweza kuwa na shamba lisilo na mikono. Mkutano mkuu ndio utakaoamua mpaka uwekwe wapi; lakini uamue mbele ya watu wote, na uandike.

SIRI NA HESHIMA

Kuna jambo moja ambalo makatibu hawana budi kulishika kwa uangalifu. Chama hakipaswi kuandika wala kutangaza askari yuko kikosi gani, ametumwa wapi, wala atarudi lini. Katika barua ya uwakilishi inatosha kuandika "yuko nje ya wilaya kikazi". Orodha ya familia zinazosaidiwa isibandikwe ukutani ikiwa na maelezo ya jeshi, wala isitumwe katika makundi ya simu. Nyumba inayojulikana na kila mtu kwamba haina mwanamume ni nyumba iliyo hatarini.

Vivyo hivyo habari za kifo au jeraha. Uvumi ukija, katibu asiupeleke nyumbani kwa familia. Kuna wenye wajibu wa kutoa habari hizo, nao ni jeshi lenyewe. Kwa maswali ya haki na mafao, familia ielekezwe kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya au kwa kikosi, na chama kisaidie kwa yale kinayoyaweza: kuandika barua, kutoa nakala za kumbukumbu, kumpa mjane mtu mzima wa kumsindikiza.

Heshima ni pamoja na namna ya kusema. Familia ya askari si ombaomba. Mume ni mwanachama, mke ni mwanachama, hisa zao zimo chamani. Zamu wanayochumiwa leo wataichumia nyumba nyingine kesho. Askari anaporudi, au anapostaafu, huja na elimu ya utaratibu, ya kutunza ghala, ya magari na mitambo, na ya kuongoza watu. Chama kilichoitunza nyumba yake kitampata akiwa tayari kukitumikia.

MASWALI YA MKUTANO MKUU UJAO

Ili mambo haya yasibaki kuwa maneno, bodi ya kila chama iyaweke maswali yafuatayo katika ajenda ya mkutano mkuu unaokuja, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu:

1. Ni wanachama wangapi ambao safu ya mteule wao ni tupu au imepitwa na wakati?

2. Je, chama kina barua ya uwakilishi iliyochapwa, na ni wanachama wangapi wameijaza?

3. Ni wanawake wangapi wanaochuma na kupima kwa namba za waume zao bila kuwa wanachama wenyewe, na ni nini kinachowazuia kujiunga?

4. Ni mikopo ipi iliyo mikononi mwa wanachama walio mbali, na ni nani aliyedhaminiwa nao?

5. Je, kila kituo cha kupimia kina orodha ya zamu, na ni nani anayeisimamia?

Swali la kwanza lianze kujibiwa hata kabla ya mkutano. Katibu anaweza kulifungua daftari kesho asubuhi akahesabu safu zilizo wazi. Kazi hiyo haimalizi siku moja na haigharimu hata shilingi. Chama chenye wanachama mia tatu kikikuta safu mia mbili tupu, kijue kwamba kina nyumba mia mbili ambazo msiba ukizifikia zitafika mlangoni pake zikidai haki ambayo hakitaweza kuithibitisha. Na miongoni mwa nyumba hizo, iliyo ya askari ndiyo isiyoweza kungoja mwenyewe arudi aeleze alichokitaka.